Mrejesho: kasuku waliokamatwa Bukavu, PV (procès-verbal, hati rasmi ya ukamataji) iandikweje?

Asanteni ndugu. Swali lilikuwa: kasuku wa kijivu ni ushahidi ulio hai, atangojaje kesi bila kufia kwenye tenga?

Jibu lililosaidia: hangoji. Kinachongoja ni PV. Kila ndege apigwe picha peke yake, namba kwenye karatasi kando yake, mkia mwekundu na miguu yote miwili vionekane. Wahesabiwe wazima na wafu, mbali mbali. Miguu ndiyo husema mengi: pete ya wafugaji isiyo na kiungo huingia kwa kinda tu, kwa hiyo mguu mtupu pamoja na gundi ya mtego kwenye manyoya ya bawa huvunja ile hadithi ya “nimemfuga mwenyewe”. Manyoya yaliyodondoka yatiwe kwenye bahasha ya karatasi. Ya plastiki hushika unyevu, yanaota ukungu.

PV itaje sheria ya Kongo ya uhifadhi wa mazingira, 14/003 ya 11 Februari 2014, na kwamba tangu Januari 2017 kasuku huyu yuko Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori (yaani, kumuuza nje ya nchi kibiashara ni marufuku). Nakala moja ipelekwe ICCN, taasisi ya Kongo ya uhifadhi wa mazingira.

Ndege wenyewe, tafadhali: boksi lenye giza na matundu, maji, kisha kituo cha Lwiro, kinachotunza wanyama waliookolewa, wapigiwe simu siku hiyohiyo.