Jirani anamfungia mtoto stoo, na mwenye nyumba ni ndugu yake. Naombeni ushauri, nipo Mwanza

Cherehani Mlimani:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni msomaji tu humu, huwa sichangii, kwa hiyo mnivumilie nikizunguka.

Nimepanga Mwanza, mitaa ya mlimani. Sitautaja mtaa, maana nyumba zetu zimebanana kwenye mawe na mtu wa huku akisoma atajua mara moja. Kazi yangu ni ushonaji, cherehani iko barazani, kwa hiyo kutwa nzima naona nani katoka na nani kaingia.

Chumba cha pili kuna familia. Baba anatoka alfajiri kwenda Mwaloni kwenye samaki, anarudi usiku. Mama yupo nyumbani. Wana watoto wao wawili, wanakwenda shule, soksi nyeupe kila Jumatatu. Halafu kuna binti wa dada yake huyo baba, umri kama miaka minane hivi, aliletwa kutoka Ukerewe baada ya msiba wa mama yake. Huyo haendi shule. Anapandisha maji mlimani asubuhi, anaosha vyombo, kisha anaingizwa stoo ya uani na kufuli linapigwa kwa nje. Siku za kipigo redio inafunguliwa mpaka mwisho. Sisi wapangaji tumeshazoea, redio ikipanda ghafla kila mtu anaingia ndani kwake.

Juzi alitumwa kwangu na sketi ya binamu yake nibadilishe zipu. Nikamwambia anishikie kitambaa. Mgongo wa mkono una alama nyembamba zilizonyooka, kama upande wa kisu kilichopashwa moto. Za zamani zimeshakuwa nyeusi, moja ilikuwa bado inatoa maji. Nikageuka kutafuta uzi. Ninageuka tena, nakuta ameinamia sufuria niliyoiloweka niioshe, anakula ukoko uliokwisha kulainika kwenye maji. Hakushtuka hata nilipomwona. Aliharakisha tu.

Nilimgusia mama mwenye nyumba. Kumbe ni mama mdogo wa yule mama! Jibu lake: "Wewe umekuja kushona au kulea? Chumba hicho kina watu wanakisubiri." Balozi wa nyumba kumi naye akasema hayo ni mambo ya ndani ya familia, na mtoto inasemekana ana mapepo, tena mdokozi.

Nina hofu mbili. Ya kwanza kufukuzwa, wateja wangu wote wako hapa. Ya pili, wakishtuka watampakia mtoto kwenye boti wamrudishe visiwani na hakuna atakayemwona tena. Mteja wangu mmoja ananiambia nirekodi video nirushe mitandaoni, serikali itakuja yenyewe. Nifanyeje?

Kamongo:
Taja mtaa. Vijana wa bodaboda tupo, tunapanda huko usiku huu huu. Huyo mwanamke na yeye apashiwe kisu aone utamu wake.

Baba Wawili:
Poleni, ila tusikimbilie kuhukumu. Sisi wengine tumelelewa kwa kiboko na leo ni watu na akili zetu. Kuna watoto wanaletwa kutoka kijijini ni watundu kweli kweli. Umesikia upande mmoja.

Furu wa Nansio:
Baba Wawili, kiboko na kisu cha moto wapi na wapi? Ukoko wa kwenye maji ya kuoshea sufuria ndiyo malezi? Mzee, soma tena.

Bi Mkubwa Nyakato:
Mwanangu fundi, umefanya vema kusema. Piga 116. Ni simu ya taifa ya huduma kwa mtoto, bure, hata huna vocha inaita. Waambie ulivyoona hivyo hivyo ulivyotuandikia sisi. Na huyu Kamongo mwambieni akae chini na pikipiki yake.

Kamongo:
Mama yangu, na hasira je? Watu wa hivi wanapelekwa polisi, kesho wako mtaani wanakunywa soda.

Ustawi Zamani:
Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii kwenye halmashauri mbili za Kanda ya Ziwa kabla ya kustaafu, kwa hiyo niruhusuni niwe mrefu kidogo.

Dada fundi, kwanza uondoe hilo la kuwa unaingilia ya watu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii mwenye taarifa ya mtoto anayenyimwa haki zake wajibu wa kutoa taarifa serikali ya mtaa. Imesema wajibu, haikusema hiari. Aliyekosea hapo ni balozi wako. Na sheria hiyo hiyo inakataza mtoto kuteswa au kupewa adhabu ya kikatili, hata kwa jina la kumrekebisha. Mapepo hayamo.

Kwa kuwa balozi ameshaonyesha upande wake, na mwenye nyumba ni ndugu, usipite kwao tena. Ruka ngazi. Nenda mwenyewe kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Kama uko upande wa Nyamagana ni Jiji, kama uko Ilemela ni Manispaa. Au nenda Dawati la Jinsia na Watoto, hilo liko polisi, na maofisa wake wamefundishwa mambo haya, si kaunta ya kawaida ambako utasimulia mbele ya aliyeibiwa simu. Mimi ningeanza na ustawi, kwa sababu afisa ustawi anaweza kuongozana na polisi wakaingia kwenye nyumba anayoishi mtoto na kumtoa siku hiyo hiyo wakiona yuko hatarini. Hapo ndipo hofu yako ya boti inapoisha. Wasipewe nafasi ya kujua mapema.

Ukifika usiseme "anateswa". Kila mtu anasema hivyo, na ofisi imejaa mafaili yenye neno hilo. Sema kufuli liko nje ya mlango. Sema saa ngapi anafungiwa na saa ngapi anafunguliwa. Sema kidonda kiko mkono gani na kimoja bado kibichi. Hicho kibichi ndicho kitakachowanyanyua kwenye viti, maana kina tarehe ndani yake. Mtoto akitolewa atapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, daktari atajaza, na fomu hiyo ndiyo itakayosimama mahakamani siku ambayo majirani wote watakuwa wamesahau walichosikia. Ukichelewa wiki mbili kidonda kimekauka, wataanza kuambiwa aliungua kwenye jiko la mkaa.

Chukua jina la ofisa aliyekupokea na namba yake. Usipoona mtu, rudi. Nasema kwa kuijua ofisi: afisa mmoja ana kata nyingi na mara nyingi hana hata mafuta ya gari. Anayerudi ndiye faili lake linalopanda juu.

Mawe Pacha:
Na video usirushe. Uso wa huyo mtoto ukishaingia kwenye makundi ya WhatsApp hautoki tena, atakuwa mama mzima bado watu wanamtumiana. Ukiwa na picha ya kufuli au ya mlango, mpe afisa, basi.

Hapo juu Kamongo anataka watu wapande mlima. Mnakumbuka Morogoro 2014, mtoto aliyefichwa kwenye boksi na mama yake mkubwa? Miaka zaidi ya mitatu! Alipogunduliwa nchi nzima ilisimama, magazeti, redio, kila mtu ana laana yake ya kutoa. Muda mfupi baadaye akafia Muhimbili. Watu wakalia tena. Mimi nilikuwa naishi Morogoro wakati ule, na nilichokiona ni kwamba sisi Watanzania tuna huruma kubwa mno kwa mtoto ambaye mlango wake umeshafunguliwa. Ambaye bado amefungiwa hana mtu, kwa sababu huyo anahitaji jirani mmoja akosane na mama mwenye nyumba, na hilo halina makofi.

Kwa hiyo dada, hao watakaokuja na mawe wiki ijayo wasikutishe wala wasikusaidie. Wengine ndio hao hao wanaoingia ndani redio ikipanda.

Baba Wawili:
Mawe Pacha unatusema kwa mafumbo. Nilichosema ni kwamba ukweli uchunguzwe. Kisu sikubaliani nacho hata mimi.

Mawe Pacha:
Basi tuko pamoja, mzee. Uchunguzi ndio huo tunaomwambia akauanzishe.

Furu wa Nansio:
Niongezee la kwetu visiwani. Kumchukua mtoto wa marehemu dada ni heshima kubwa, msibani watu wanagombania mbele ya wazee. Baada ya arobaini hakuna anayepanda boti kwenda kumwona anaishije. Bibi yake yupo? Upande wa baba je? Ustawi watauliza, kwa hiyo kama unajua kijiji chao, waandikie. Mtoto akitolewa bila ndugu mwingine atapelekwa makao ya watoto au kwa mlezi wa muda, na wakati mwingine kuna shangazi Nansio anayemlilia bila kujua alipo.

Kamongo:
Sawa, nimepoa. Ila swali: kwa nini watu wazima wote hao wa nyumba moja wamekaa kimya? Mimi ndicho kinachonichoma.

Bi Mkubwa Nyakato:
Mwanangu, kodi. Halafu aibu. Halafu ile ya "wangu nao nawachapa, nikisema nitasemwa". Ule utafiti wa kitaifa wa ukatili kwa watoto, uliofanywa 2009 na kutolewa 2011, ulisema karibu robo tatu ya vijana walipata kipigo kabla ya miaka 18, tunazungumzia ngumi na mateke. Robo tatu! Ukishakuwa kwenye nchi hiyo, kelele za mtoto zinakuwa kama jogoo, unageukia upande wa pili unalala.

Fundi, ukifukuzwa chumba njoo kwangu. Nina kimoja cha uani, kina baraza, cherehani itakaa. Tutaelewana kodi.

Cherehani Mlimani:
Ahsanteni wote, nimesoma kila neno. Naleta mrejesho.

Nilipiga 116 jana usiku kutoka chooni, ndiko pekee kusikosikika. Dada aliyepokea hakunikatisha hata mara moja, akaniuliza maswali ya vitu vidogo vidogo, mlango unafungukia wapi, mama anatoka saa ngapi kwenda sokoni. Leo asubuhi nikaenda ofisi ya ustawi kama Ustawi Zamani alivyosema. Nilipotaja kidonda kibichi afisa aliacha kuandika akaniangalia, akapiga simu polisi palepale.

Walikuja mchana, wawili wa kiraia na mmoja mwenye sare. Mama akasema funguo kaondoka nazo mumewe. Afisa akamwambia tutavunja. Funguo zikatoka kwenye kanga.

Mtoto yuko hospitali. Mama amechukuliwa, baba kafuatwa Mwaloni. Sasa hivi uani kumejaa watu kuliko siku ya harusi, kila mtu alijua, kila mtu "alitaka kusema". Balozi ndiye anayewasimulia waandishi. Kuna waliotaka kuchoma vitu vya ile familia, wale watoto wao wawili wako ndani wanalia na hakuna aliyekumbuka kuwa wapo. Nimewachukua, wako kwangu wanakula.

Mama mwenye nyumba kanipa mpaka mwisho wa mwezi. Na afisa anasema nitahitajika kuandika maelezo. Naogopa mahakama, sijawahi kuingia.

Ustawi Zamani:
Hongera sana dada. Hao wawili mwambie afisa leo hii, usisubiri kesho. Nao ni watoto wanaohusika, na wameona mengi. Wasihojiwe na waandishi wala na majirani.

Maelezo andika wakati bado unakumbuka. Sema ulichoona na kusikia wewe, ya mapepo na ya udokozi waachie waliosema. Isome kabla ya kusaini, na kama kuna sentensi si yako, ikatwe. Mahakama ya Watoto haikai kama zile za kwenye televisheni, haina watazamaji. Ila kesi ya hao wakubwa ni ya jinai, itakwenda mahakama ya kawaida, na itaahirishwa, tena na tena. Kila tarehe nenda. Kesi nyingi za namna hii zinafia hapo, familia inakaa kikao, wanakubaliana "kumalizana", shahidi anaombwa asitokee. Watakuja kwako na soda na maneno matamu. Yule mama mwenye nyumba ndiye atakayetumwa.

Notisi ya chumba isikuvuruge, ila kama ulishalipa kodi ya miezi ya mbele udai urudishiwe, na risiti zako ziwe karibu.

Furu wa Nansio:
Kijiji ulikipata?

Cherehani Mlimani:
Nilikipata kwa mtoto mwenyewe wakati tunasubiri gari. Ana bibi, anamtaja kwa jina. Nimempa afisa.

Kesho naenda kuandika maelezo. Hawa wawili afisa anawafuata jioni. Bi Mkubwa, nimekutumia ujumbe pembeni kuhusu kile chumba, na naomba nijue kama umeme wa luku ni wa peke yake au wa kuchangia, maana nina pasi.