Magazeti yetu yana shida gani na watumishi wa umma??

Hivi wakuu, nani aliwadanganya waandishi kwamba mtumishi wa umma ni mzembe, mwizi au mtu aliyeshushiwa neema, basi, hakuna mwingine?

Kiongozi anakuja kituoni na msafara, waandishi wamejazana kwenye gari la nyuma, anamsimamisha nesi mbele ya wagonjwa anamfokea kwanini mama mjamzito kaambiwa anunue glavu, kesho yake picha ya yule dada imejaa ukurasa wa mbele. Hakuna hata mmoja aliyefungua stoo akaona maboksi matupu wala kuuliza usiku wako wangapi zamu. Yuko mmoja jamani! Anazalisha, anachoma sindano, anaandika ripoti. Ila mwandishi kapewa lifti na posho na huyohuyo anayefoka, unategemea aandike nini.

2017 sakata la vyeti feki, majina 9,932 ya watumishi wa umma yakaanikwa nchi nzima. Sawa, wenye feki walikuwepo, sibishi. Lakini wapo waliokata rufaa wakaonekana vyeti vyao halali kabisa, hao nani aliwasafisha kwa herufi kubwa kama alivyowachafua?

Sasa kinachoniuma zaidi ni hii ya mishahara. Mei 2022 kila kona nyongeza asilimia 23.3, asilimia 23.3, kumbe ile ni ya kima cha chini, kutoka 300,000 kwenda 370,000, sisi wengine Julai salary slip inatoka mtu anaisoma mara mbili mbili anadhani mtandao una tatizo. Na baba mwenye nyumba yeye alishasoma kichwa cha habari zamani, kodi juu, Mangi naye dukani "ticha mmeongezewa bwana, lipa deni". 2025 tena asilimia 35.1, kima cha chini 500,000, mchezo uleule, yale maneno "kima cha chini" wanayaficha aya ya nne huko ambako hakuna anayefika. Na miaka yote kuanzia 2016 hadi 2021 Mei Mosi zilivyokuwa zinapita bila nyongeza ya mshahara mbona hamkutoa herufi nyekundu?

Na nyie mnaokuja kuniambia "kama imekushinda acha kazi", msijisumbue. Nina mkopo wa benki na bodi ya mikopo inakata 15% kila mwezi, niache niende wapi.