Jiwe kubwa kwenye mrija wa nyongo: kikapu au puto?

Swali: Natoa jiwe kwa ERCP (kamera inayopitishwa mdomoni hadi kwenye mlango wa mrija wa nyongo). Jiwe lina upana wa milimita 18, mrija chini yake 14. Mlango wa mrija umeshakatwa kidogo. Nianze na kipi: kikapu (kifaa cha nyaya cha kunasia jiwe) au puto?

Jibu: Usilivute jiwe bado. Panua mlango kwa puto, ukijaza taratibu, bila kuzidi milimita 14. Ukizidi, mrija unaweza kupasuka. Kiuno cha puto (sehemu inayobaki imebanwa) kisipopotea kwenye eksirei, acha.

Jibu: Hata hivyo halitapita zima. Tumia kikapu cha kuvunjia mawe. Kikapu cha kawaida kinaweza kunasa pamoja na jiwe, na kukinasua ni kazi ngumu mno. Vipande vya chini vitoe kwanza.

Jibu: Likigoma, weka stenti (kijibomba) ya plastiki nyongo ipite, kisha mrudie mgonjwa baadaye. Na tafadhali, mpe indomethasini (dawa ya kuzuia uvimbe) miligramu 100 kwa njia ya haja kubwa, kongosho lisivimbe, kama hana kizuizi cha dawa hiyo.