Morris Minor 1000: shokapu mpya mbele, nianzie wapi?

Minor63: Wakuu, habari zenu. Nina Morris Minor 1000 ya mwaka 1963, injini ya cc 1098. Mbele haitulii. Nikivuka tuta inanesanesa, na nikikata kona mwendo mdogo nasikia "kok" kushoto. Shokapu zake za asili, zile za mkono, zinavuja. Nataka kufunga za bomba (teleskopu), bushi za viungo za poliyurethani (plastiki ngumu) na breki za diski, vyote kwa mkupuo mmoja. Gari hii naipenda na nataka kuiendesha kila siku. Nianze na kipi?

SpanaYaZamani: Mkuu, sahau shokapu kwa sasa, shughulika na huo mlio. Kwenye Minor tairi la mbele linashikwa na kingpini, nguzo ya chuma yenye nyuzi kama za bolti juu na chini, kila ncha imejifunga ndani ya trunioni, kipande chenye nyuzi kama nati. Ukikata kona, inazunguka ndani ya nyuzi hizo. Zikikosa grisi zinalika, na zikiisha mguu unachomoka, tairi linalala chini ya bodi. Nimeshaiona Minor barabarani katika hali hiyo, wala sitamani kuiona tena.

Pima hivi: inua mbele, mtu akanyage breki, wewe tikisa tairi juu na chini. Breki ikishika, beringi haichezi tena, kwa hiyo kinachobaki kucheza kiko kwenye kingpini, trunioni au bushi. Kingpini ya kulia na ya kushoto hazibadilishani, nyuzi zake zimekatwa kinyume.

Mbele hakuna springi za koili. Uzito unabebwa na tosheni ba, fito ndefu inayojisokota chini ya sakafu, na ikifyatuka inaweza kukuvunja mkono wako. Chasi ikae kwenye stendi, jeki ibebe mkono wa chini wa sasipensheni (chuma kinachoshika tairi kwa chini), ufungue juu kisha ushushe polepole mpaka fito iishiwe nguvu. Zitie alama: iliyozoea kushoto irudi kushoto.

Kuhusu shokapu, ile ya mkono ndiyo mkono wa juu wa sasipensheni wenyewe. Baadhi ya seti za bomba zinaubakiza, kwa hiyo kama egemeo lake limechoka, ugonjwa unabaki palepale. Mimi ningefunga za mkono zilizokarabatiwa. Zikiwa nzima zinatuliza gari vizuri sana.

MpiraNaChuma: Naongezea. Ukitumia bushi za mpira, usikaze nati gari ikiwa juu, shusha kwanza ikae kwenye uzito wake. Na kama diski bado unazitaka, masta silinda (pampu kuu ya breki) iko chini ya sakafu na tosheni ba inazuia bolti zake. Ishughulikie fito ikiwa imetoka.

Minor63: Nimepima. Trunioni ya chini kushoto inacheza hata breki ikikanyagwa, na nipeli yake (tundu la kuingizia grisi) imeziba kwa udongo mkavu. Gari imepaki, nimeagiza kingpini na trunioni za pande zote mbili. Diski zitasubiri. Nikishafunga, grisi niweke kila lini?

SpanaYaZamani: Umefanya vema sana kuipaki. Kwa gari ya kila siku, weka kila mwezi, nipeli ya juu na ya chini, tairi likiwa hewani. Likiwa chini, uzito unabana nyuzi upande mmoja na grisi haipiti. Pampu mpaka ile chafu yote itoke na mpya ichungulie.