Bangi ya dawa Rwanda: shemeji akininunulia, itavuka mpaka wa Rusumo?

BabaNgara: Wakuu, wakubwa shikamooni. Binti yangu ana kifafa. Anakunywa valproeti asubuhi na jioni, bado anaanguka, hasa alfajiri. Shemeji yangu dereva wa lori anasema Rwanda walihalalisha bangi ya tiba tangu 2020, nimpe hela aniletee mafuta yake. Mke wangu hataki hata kusikia. Kisheria hili likoje?

Wakili_Kagera: Pole na mtoto, mkuu. Shemeji kasikia nusu. Oktoba 2020 Baraza la Mawaziri la Rwanda lilipitisha bangi ilimwe, isindikwe, iuzwe nje. RDB, bodi yao ya maendeleo, ikasema wazi kuitumia humo nchini bado ni marufuku. Mzungu apone, wao wapate dola. Na huku kwetu Tanzania, Sura ya 95, sheria ya dawa za kulevya, inaihesabu bangi kuwa dawa ya kulevya. Ukidakwa Rusumo, cheti cha kliniki hakitakuokoa.

Mfamasia wa Zamu: Kuna dawa halisi, Epidiolex, kanabidioli (kemikali mojawapo ya bangi) iliyosafishwa. Marekani waliipitisha Juni 2018 kwa aina chache za kifafa kikali cha utotoni. Hailewishi. Hayo mafuta ya chupa sokoni hakuna ajuaye yana nini. Halafu kanabidioli pamoja na valproeti vinaweza kuumiza ini. Usimchanganyie mtoto kienyeji!

Mkenya Halisi: Kwetu marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alilianzisha suala la bangi 2018, akiomba Bunge limsaidie kuandaa mswada. Julai 2019 saratani ikamchukua. Wajackoyah, mgombea urais, naye 2022 akaigeuza sera ya kampeni, watu wakacheka wee.

BabaNgara: Sawa, shemeji nimemzuia. Ila mofini, dawa ya maumivu, imetoka kwenye kasumba (utomvu wa mpopi), na hospitali ya Ocean Road, Dar, wagonjwa wa saratani wanapewa. Mbona kasumba ilipata mlango na bangi haina?

Wakili_Kagera: Hapo umenena. Mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa 1961 wenyewe unaruhusu tiba. Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ikaiondoa bangi kwenye Jedwali la Nne la mkataba huo, lenye masharti makali zaidi, iliko heroini, kwa kura 27 dhidi ya 25. Lakini sheria yetu hubadilishwa Dodoma, na hapo wanasiasa wanaogopa kuitwa wavuta bangi.

BabaNgara: Basi mbunge wangu nitamuuliza akija kuomba kura. Kwa sasa, nani anajua kliniki ya kifafa hospitali ya Bugando, Mwanza, ni siku gani?