Mafundi wa gereji, nani kawafundisha kuchonga diski za breki bila kuzipima?

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa nimekereka kwelikweli, kwa hiyo nikivuka mpaka mtanivumilia. Wenye gereji mliomo humu, someni hadi mwisho ndipo mje kunirarua.

Gari ni sedani ya Toyota ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, hizi za kwetu tunazozijua, haina makuu. Tulikuwa tunatoka Iringa kurudi Dar na familia. Kitonga nimeishuka na gia ya chini kama inavyotakiwa, breki naigusa tu kwa vipindi, lakini kila nikigusa usukani unacheza mikononi. Kule chini barabara iliponyooka hali ikawa ileile: ukikanyaga breki ukiwa kwenye 80 unatetemeka, ukiachia unatulia kabisa. Anayejua magari atakwambia hizo ni diski za mbele, yale masahani ya chuma yanayobanwa na pedi ukikanyaga breki. Ukisikia mtikisiko zaidi kwenye kiti kuliko kwenye usukani, ndipo unaanza kuangalia nyuma. Hapo hakuna ubishi, na hata gerejini hawakubisha.

Gereji yenyewe siitaji. Si ya chini ya mwembe, ina bango, ina risiti, vijana wana ovaroli zenye maandishi mgongoni. Fundi mkuu akafungua tairi, akapitisha kidole gumba juu ya diski, akasikia mifereji na ule ukingo wa nje, akatoa hukumu: "Bosi, hizi zinachongeka. Usipoteze hela kununua mpya." Kidole gumba! Hicho ndicho kipimo. Diski zikatolewa kwa nyundo, zikapakiwa kwenye bodaboda kwenda kwa mtu wa leizi (mashine ya kuchonga chuma kikizunguka), zikarudi jioni zinang'aa. Nikalipa hela ya leizi na ya ufundi juu yake.

Zikatulia kwa muda. Miezi haikupita mingi mtikisiko ukarudi, tena safari hii unaanzia kwenye 60. Narudi gerejini, yuleyule fundi mkuu anaangalia sekunde mbili: "Aah bosi, diski hizi zimeshachoka, nunua mpya tu."

Zimechoka lini? Ulipozipeleka kuchongwa zilikuwa hazijachoka? Na kama zilikuwa zimechoka, ile hela ya leizi uliichukua ya nini?

Hapo ndipo nilipotafuta mtu mwenye vipimo. Jirani yangu ni fundi mitambo, ana maikromita yake mwenyewe, kile kifaa cha kupima unene kwa usahihi, haazimishi mtu. Alichofanya kwanza hakikuwa kupima. Alichukua brashi ya waya akasugua kile kitako cha katikati cha diski, panapokaa ringi, hadi kutu ikatoka na maandishi yakaonekana: MIN TH 23 mm. Watengenezaji wengi huchonga namba hiyo kwenye diski yenyewe, wengine kwenye ukingo wa nje. Maana yake ni ukomo wa unene: diski ikifika chini ya hapo, haifai kufungwa kwenye gari. Diski mpya ya gari langu ina milimita 25. Kwa hiyo maisha yote ya diski, kutoka dukani hadi kwenye chuma chakavu, ni milimita 2 tu, pande zote mbili kwa pamoja.

Yangu ikasoma 22.1 kulia. Kushoto 21.7.

Yaani nimetembea na watoto kwenye barabara ya Morogoro, malori mbele na mabasi nyuma, na diski zilizochongwa hadi chini ya ukomo, na nina risiti ya kazi hiyo!

Fanya hesabu ndogo. Kuondoa mifereji inayosikika kwa kidole, mtu wa leizi anakula kidogo upande huu na kidogo upande ule, kwa jumla nusu milimita inaondoka kirahisi, na mara nyingi zaidi. Maana yake diski zangu zilipofika kwake zilikuwa tayari kwenye ukomo au zimeshapita. Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye chuma, chini ya kutu, na hakuna aliyelisoma. Fundi hakupima kabla, mtu wa leizi hakupima kabla wala baada, na aliyezifunga tena hakupima. Watu watatu wamezishika na hakuna hata mmoja aliyekuwa na venia, ile rula ya kubania ya kupimia unene, mfukoni.

Watakuja wa kusema "milimita moja ni nini bwana, mbona watu wanatembea nazo". Mkuu, breki inageuza mwendo wa gari kuwa joto, na joto hilo linahitaji chuma cha kulibeba. Chuma kikipungua, diski inapata moto haraka zaidi kwa mteremko uleule, na diski yenye moto uliozidi hupasuka nyufa. Pili, diski ikiwa nyembamba, pistoni ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) inalazimika kutoka nje zaidi ili pedi ifike. Pedi nazo zikiisha, pistoni inasogea mbali kuliko ilivyokusudiwa, inaweza kupita kwenye sili yake, mafuta ya breki yakamwagika. Ukifika hapo pedeli inazama hadi sakafuni. Sasa jiweke Kitonga.

Nirudi kwenye hoja yangu, maana mtasema nawaonea. Sisemi kuchonga ni wizi. Diski yenye unene wa kutosha, haina nyufa, haina madoa ya bluu ya kuungua, ichongwe tu, kwa nini utupe mali. Dada yangu Arusha ana Harrier ya toleo la pili. Yeye aliambiwa kinyume: "Dada, hizi hazichongeki, nunua mpya, nna rafiki yangu ana duka." Nikamwambia asilipe kitu kwanza, apate mtu wa kupima. Ukomo umeandikwa 26, diski zikasoma 27.4 pale palipokwisha zaidi. Hizo ndizo za kuchonga! Ukitoa nusu milimita unabaki na 26.9, bado una nafasi ya kutumia pedi mpya. Kwake wakaona Harrier wakasema mpya, kwangu wakaona sedani iliyochubuka bampa wakasema chonga. Wanapima mfuko wa mteja, diski yenyewe hawaipimi.

Na mkipima, pimeni sawasawa. Diski iliyotumika ina ule ukingo wa nje ambao pedi haiugusi, kwa hiyo ukibana venia juu juu unasoma unene wa ukingo na unadanganyika kwamba diski bado nzima. Kama huna maikromita, weka sarafu mbili zinazolingana, moja kila upande, ndani ya ukingo, bana venia juu ya sarafu, kisha toa unene wa sarafu zote mbili. Zunguka sehemu sita au nane, chukua namba ndogo kuliko zote. Hiyo ndiyo unayoitolea hesabu: toa kitakacholiwa na leizi, kinachobaki kiwe juu ya ukomo, na kibaki cha kuliwa na pedi mpya pia. Kuchonga hadi kwenye ukomo wenyewe halafu ukafunga pedi mpya ni kumwachia mteja bomu. Watengenezaji wengine hata wanatoa namba mbili, moja ya mwisho wa kuchonga na nyingine ya kutupa, kwa sababu hiyohiyo. Madoa ya bluu nayo msiyadharau: chuma kikiungua sana kinabadilika na kuwa kigumu sehemu zile, leizi inapita juu juu, baada ya muda zinatokeza tena kama vinundu na usukani unaanza upya. Hizo ni za kutupa hata kama unene upo.

Sasa sehemu iliyonichosha kuliko zote. Nimekubali kununua mpya. Gerejini wananiletea za mtumba kutoka Japani, "orijino bosi, zimetoka kwenye nusu-kata (gari lililokatwa nusu), ngumu kuliko hizo mpya za dukani". Nikapima palepale kaunta: 23.6. Nikamwuliza, unaniuzia diski iliyobakiza milimita 0.6 ya maisha kwa bei hiyo? Akanuna. Akaniambia mimi ni mteja msumbufu. Ndiyo, msumbufu, na endapo kila mteja angekwenda Kariakoo na venia, mngeuza vitu vingine.

Nikanunua mpya mwenyewe, jozi, maana diski hazibadilishwi moja moja, lazima kulia na kushoto. Nikampelekea fundi mwingine. Naye anataka kuzipachika juu ya habu, kile kitovu kinachozunguka ambacho diski na ringi hukaa juu yake, iliyojaa kutu na kuzisindikiza kwa nyundo! Nikasimama hapo hapo. Hii ndiyo siri ambayo wengi wenu mnaipuuza: mara nyingi kile mnachokiita "diski imepinda" hakikuanzia kwenye diski. Kipande cha kutu kati ya habu na diski kinaiinua upande mmoja, diski inazunguka ikiyumba, kila mzunguko inagusa pedi palepale hata kama hujakanyaga breki. Baada ya kilomita kadhaa elfu pale panapoguswa panakuwa pembamba kuliko kwingine. Tofauti ya unene ya 0.02 mm, chini ya unene wa unywele, inatosha kuusikia usukani. Kwa hiyo unaweza kuchonga diski ikanyooka kabisa kwenye leizi, ukairudisha kwenye habu chafu, na ugonjwa ukaanza upya siku hiyohiyo bila wewe kuuona. Ndicho kilichonipata mara ya kwanza, nina hakika, kwa sababu tulipofungua habu ilikuwa na magamba ya kutu hajawahi kuyagusa mtu.

Tukasugua habu kwa brashi ya waya na msasa hadi ikawa safi. Jirani akaja na geji yake ya mshale inayosimama kwa sumaku, ya kupima diski inayumba kiasi gani, tukaibana diski kwa nati zote, tukaizungusha taratibu: inayumba milimita 0.09 upande wa kulia. Ukomo wa kawaida ni 0.05. Je, diski mpya mbovu? Hapana. Tukaitoa, tukaigeuza matundu mawili mbele, tukabana tena: 0.03. Kazi ya dakika chache, haina gharama yoyote. Nani gerejini amewahi kuwafanyia?

Halafu nyundo. Diski nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye uzi, unaingiza bolti mbili za M8 na kukaza kwa zamu, diski inajisukuma yenyewe kutoka kwenye habu. Matundu yapo wazi, yanawatazama, na bado mnagonga nyundo kana kwamba mnavunja ukuta. Beringi nayo inapokea kipigo hicho.

Pedi je? "Pedi bado nzima bosi, turudishe zilezile." Pedi zilizojichonga kufuata mifereji ya diski ya zamani unaziweka kwenye diski mpya? Nikaleta mpya. Diski za dukani huja na mafuta ya kuzuia kutu, zioshwe kabla ya kufungwa. Nati za ringi zikazwe kwa kupokezana na kwa spana ya toku, ile inayopima nguvu ya kukaza, gari kama langu ni Nm 103, si kijana kusimama juu ya wili spana na kuruka. Kisha diski na pedi mpya zizoeshwe: unatoka kwenye 60 unapunguza hadi kama 20 bila kusimama kabisa, unaachia zipoe kidogo, unarudia mara kumi hivi. Mimi nililifanya zoezi hilo alfajiri barabara ikiwa tupu. Usukani sasa umetulia.

NYONGEZA: Kwa mkuu aliyesema nilitaka rahisi ndiyo maana nikachonga: mimi sikuchagua, nilimwuliza fundi na akanijibu, kazi ya kupima ni yake. Kwa aliyeuliza kuhusu diski za nyuma: kama ni diski, hesabu ni ileile na ukomo wake umeandikwa. Kama ni ngoma, yaani breki inayosugua kwa ndani, namba iliyoandikwa ni ya kipenyo kikubwa kinachoruhusiwa, yaani unaangalia isizidi, usije ukaichanganya. Kwa anayesema mafundi hawana hela ya vipimo: maikromita moja hailingani na bei ya spika mlizofunga hapo gerejini.

Ninachotaka humu ni vitu viwili. Mwenye kuijua gereji Dar yenye mashine ya kuchongea diski ikiwa imefungwa kwenye gari lenyewe, ile inayochonga kufuata habu, aweke eneo na bei, maana kwa diski za nyuma nitaihitaji mwakani. Na wewe mwenye gereji yenye bango, najua kijana wako wa mapokezi yumo humu, mwambie diski za 22.1 na 21.7 ninazo kwenye buti pamoja na risiti. Nakuja Jumamosi na maikromita, tuzipime wote, kisha unirudishie hela ya leizi.