Mama alifuga ng'ombe maisha yake yote: Iowa State Fair itamfaa?

Binti_wa_Kivu aliuliza:

Hamjambo ndugu zangu. Mama yangu amefika hapa Des Moines mwezi wa pili kutoka Kivu Kusini. Kafuga tangu usichana wake mpaka vita vikamwachia zizi tupu. Sasa anashinda dirishani akitazama magari. Kila kona naona matangazo ya Iowa State Fair, maonyesho ya kila mwaka ya jimbo letu hili la Iowa, lakini picha zote ni mabembea na vyakula vya kukaanga. Kuna cha kumfaa mtu kama yeye? Ana miaka 71 na magoti yanamsumbua.

Mzee_wa_zamu_ya_usiku:

Usiende na gari lako, dada, kuegesha ni shida. Mabasi ya mji, yaani DART, yanatoka karibu na jengo la Bunge la jimbo hadi uwanjani. Wanangu wao ni mtelezo mkubwa tu, cha mifugo siwezi kukushauri.

Mzaliwa_wa_Tarime:

Dada, mfikishie mama shikamoo yangu. Mpeleke! Ila mabembea yapiteni, mwende moja kwa moja mabandani, tena saa mbili asubuhi kabla jua la Agosti halijawa kali. Maonyesho ni siku 11, kwa hiyo chagua siku ya katikati ya wiki.

Asubuhi ndipo utawakuta watoto wa miaka kumi, kumi na miwili, wamevaa buti za mpira, wanaogesha ng'ombe kwa sabuni, wanawakausha kwa mashine ya upepo, kisha wanachana manyoya taratibu mpaka yasimame. Wengi ni wa 4-H, chama cha vijana ambacho hizo H nne ni kichwa, moyo, mikono na afya. Mtoto anamlea mnyama wake miezi na miezi, halafu anakuja kumwongoza kwa kamba mbele ya mwamuzi. Nimeona mmoja amelala fofofo juu ya majani makavu, kichwa kakilaza ubavuni mwa ng'ombe wake, naye ng'ombe katulia anacheua.

Nilikwenda na mama yangu mdogo. Alimkuna ng'ombe mmoja chini ya taya, ng'ombe akanyoosha shingo. Akaniambia, "Muulize huyu kijana, ndama yuko wapi?" Kijana akajibu yuko nyumbani, dada yake anamnywesha maziwa kwa chupa. Mama mdogo akaguna, hakupendezwa hata kidogo. Wakaendelea kuulizana nikitafsiri karibu nusu saa: anakula nini, anakamuliwa mara ngapi.

Kuna pia mnada wa washindi. Mtoto anampandisha maksai wake ulingoni, bei inapanda, kisha wanaagana. Wapo wanaolia wakiwa wamemkumbatia shingoni. Mimi niliona ni ukatili kumfanyia mtoto hivyo. Mama mdogo akanikatalia: hata ng'ombe wa mahari akitolewa zizini, aliyemchunga analia.

Halafu mwonyeshe ng'ombe wa siagi, sanamu iliyo ndani ya jengo la kilimo. Ni desturi tangu 1911. Wanasuka umbo la mbao na waya, wanalifunika kwa siagi ya pauni 600 hivi, kama kilo 270, ndani ya chumba cha baridi chenye kioo. Norma Lyon, mwanamke mfugaji, aliifanya kazi hiyo kuanzia 1960 hadi 2005. Mwaka 1999 akachonga hata Karamu ya Mwisho. Baada yake ikashikwa na Sarah Pratt. Mwambie mama atazame kiwele: mishipa ya maziwa inayopita tumboni imechongwa ilivyo hasa. Aliyekamua ndiye atakayeithamini. Na akisikitika kwamba siagi inapotea bure, mwambie huhifadhiwa na kutumika tena miaka inayofuata.

Mama_wa_mapacha:

Msiache kituo wanakozalia wanyama hadharani. Sisi tulimkuta nguruwe katikati ya uchungu, watu kimya kabisa, wanangu hawakutaka kuondoka.

Binti_wa_Kivu:

Asanteni sana. Nimemsomea mama yote. Ameuliza kama huyo wa kwenye chupa anapata maziwa ya mama yake mwenyewe au ya mwingine. Halafu amekwenda kutafuta fimbo yake, anasema tukifika huko hawezi kuingia kwa ng'ombe mikono mitupu.

Mzaliwa_wa_Tarime:

Aje nayo, magoti pia yataishukuru. Ila asimguse nayo ng'ombe wa mtu. La maziwa amuulize kijana mwenyewe, nitakuja kutafsiri nikiwa huru Jumatano.